TEKE LA BUNDUKI SI KIPIMO CHA SHINIKIZO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwanafunzi mwenzangu, hebu nikuulize swali moja kabla hujarukia ukurasa wa mashairi. Umewekewa mezani bunduki ya zamani na katriji za aina mbili. Aina ya kwanza ikifyatuliwa inampiga mtu teke la bega hadi anapepesuka. Aina ya pili haina makuu, inamsukuma bega tu kama mama anayemwamsha mtoto aende shule. Je, ni ipi iliyo hatari zaidi kwa bunduki hiyo?

Swali hili lilizuka darasani kwetu siku tuliyofundishwa kanuni ya tatu ya Newton. Mwalimu wa fizikia alipouliza, tuliinua mikono karibu darasa zima. Jibu letu lilikuwa moja: ile inayopiga teke ndiyo hatari, kwani ndiyo yenye nguvu. Mwalimu alitabasamu, akasema, "Ketini. Mmejibu kuhusu bega. Mimi nimeuliza kuhusu bunduki."

Kengele ikalia kabla hajaeleza. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hivyo jioni nilifika nyumbani nikamweleza babu swali hilo. Nilidhani atacheka. Badala yake aliuangalia mkono wake wa kushoto, ule usiokuwa na kidole cha shahada wala cha kati, akaniambia, "Mjukuu wangu, hilo jibu lenu ndilo lililonikata vidole."

Kisa chake nitakileta baadaye. Ili kieleweke, ni lazima kwanza tujue bunduki yenyewe na vile inavyofanya kazi.

Bunduki ya marisau

Bunduki ninayoizungumzia si ile ya askari inayotoa risasi moja moja. Ni bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani. Hii hurusha chembe ndogo ndogo za madini ya risasi kwa pamoja, kama mtu anayerusha konzi ya mbegu, ndiyo maana iliwafaa watu waliowinda ndege. Uingereza ilisifika sana kwa kutengeneza bunduki hizi, hasa miji ya London na Birmingham. Nyingi zilizotengenezwa tangu mwisho wa karne ya 19 hadi kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia zingali zinatumika hadi leo. Walowezi waliokuja Afrika Mashariki walizibeba pia, na hivyo ndivyo mojawapo ilivyofika kwenye shamba alilofanyia kazi babu.

Ukubwa wa mtutu hutajwa kwa namba. Namba 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa kuwa tufe 12 zilizo sawa, kila tufe litaingia barabara kwenye mtutu huo. Upana wake ni kama milimita 18.5. Namba 20 ni tufe 20 kutoka ratili ile ile, kwa hivyo kila tufe ni dogo na mtutu ni mwembamba, kama milimita 15.6. Tafadhali likumbuke jambo hili: namba ikipanda, upana unashuka.

Katriji nayo ni kikopo kirefu cha karatasi au plastiki chenye kitako cha shaba. Chini kabisa kuna fataki, juu yake baruti, halafu kizibo, halafu marisau, kisha mdomo umekunjwa ukafungwa. Bunduki ikifyatuliwa, fataki inawaka, baruti inaungua na kugeuka gesi ya moto. Gesi hiyo inatafuta nafasi. Inasukuma pande zote: mbele inasukuma kizibo na marisau, nyuma inasukuma kitako cha katriji, na kandokando inasukuma ukuta wa mtutu.

Hapo ndipo njia mbili zinapoachana. Kusukuma kandokando ndiko kunakotaka kupasua mtutu, na hilo ni suala la shinikizo. Bunduki nzima kurudi nyuma ndiko kunakoumiza bega na kuchosha mbao, na hilo ndilo teke. Sisi wanafunzi tuliyachanganya haya mawili tukayaita "nguvu".

Tuanze na teke

Teke ni hesabu ya darasani kwetu kabisa. Marisau yanakwenda mbele, bunduki inarudi nyuma, na uzito ukizidishwa kwa mwendo lazima ulingane pande zote mbili.

Tuseme marisau na kizibo ni gramu 30, yaani kilo 0.03, na yanatoka kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde. 0.03 mara 400 ni 12. Bunduki ya Uingereza ya kuwindia ndege ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3. Gawanya 12 kwa 3, unapata 4. Bunduki inarudi nyuma kwa mita 4 kwa sekunde. Nishati yake ni nusu ya 3 mara 4 mara 4, yaani jouli 24.

Sasa ongeza mzigo uwe gramu 40, mwendo ule ule. 0.04 mara 400 ni 16. Gawanya kwa 3 upate mita 5.3 kwa sekunde. Nishati inakuwa karibu jouli 43. Mnaona? Mzigo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini nishati ya teke imeruka kutoka 24 hadi 43. Si ajabu bega linalia.

(Wale wapenda hesabu watasema gesi nayo ina uzito wake. Ni kweli, nayo huongeza teke kidogo. Nimeiacha ili hesabu iwe nyepesi.)

Angalieni vitu vilivyoingia katika hesabu hii: uzito wa mzigo, mwendo wake na uzito wa bunduki. Basi. Hakuna mahali nilipoandika shinikizo. Ukiongeza uzito wa bunduki, teke linapungua, lakini shinikizo ndani ya mtutu liko pale pale. Ukifunga mpira laini kwenye kitako, bega litashukuru, lakini mtutu hautajua kama kuna mpira.

Sasa shinikizo

Shinikizo hupimwa kwa bari. Bari moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa hii inayotuzunguka. Leo huko Ulaya, katriji ya kawaida ya namba 12 yenye urefu wa milimita 70 haitakiwi kupita bari 740. Ile ya nguvu zaidi inaruhusiwa hadi bari 1050, na ni ya bunduki zilizojaribiwa kwa kiwango hicho peke yake.

Bari 740 ni kiasi gani? Ni kama uzito wa kilo 750 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Chukua mifuko 15 ya saruji, kila mmoja wa kilo 50, uipange yote juu ya ukucha wa kidole chako. Hiyo ndiyo bari 740. Na kwa kuwa sehemu ya nyuma ya mtutu wa namba 12 ina eneo la sentimita za mraba 2.7 hivi, chuma kinachoziba nyuma kinasukumwa na kitu kama tani mbili. Bahati nzuri ni kwamba kilele hicho hakidumu hata sekunde moja iliyogawanywa mara elfu.

Sasa basi, ni nini kinachoamua kilele hicho kiwe kirefu au kifupi? Kubwa zaidi ni kasi ya kuungua kwa baruti. Fikiria gari lililozimika barabarani. Unaweza kulisukuma polepole kwa kulilalia mgongo, au ukalirukia kwa kishindo. Mwishowe linaweza kufika mwendo ule ule. Lakini ukilirukia, bati la nyuma litabonyea. Baruti inayoungua haraka ndiyo hiyo inayoruka: shinikizo linapanda juu ghafla kisha linashuka. Baruti inayoungua taratibu inasukuma kwa muda mrefu zaidi bila kupanda sana.

Kwa hivyo katriji mbili zenye mzigo sawa na mwendo sawa zitakupiga teke karibu sawa, na bado moja ikawa na kilele cha shinikizo kirefu kuliko nyingine. Zaidi ya hapo, katriji nyepesi ya gramu 24 yenye baruti ya haraka inaweza kuwa na shinikizo kubwa kuliko katriji nzito ya gramu 36 yenye baruti ya taratibu. Bega litaisifu ile nyepesi, na mtutu utakuwa unalia kimya kimya. Kumbe bega ni shahidi wa uongo!

Uzee unaingilia wapi?

Bunduki kongwe ina adui wawili, kila mmoja na mahali pake pa kushambulia.

Adui wa kwanza, teke, hushambulia mbao na maungio. Kitako cha bunduki hizi kilichongwa kwa mti wa mjozi. Kwa miaka mingi mafuta ya kusafishia chuma yameteremka yakalowesha mbao pale zinaposhikana na chuma, zikawa laini. Kila teke linagonga pale pale. Mwisho ufa unatokea. Vilevile bawaba inayofungua na kufunga mitutu inalika polepole, hadi mwanya unaonekana kati ya mitutu na chuma cha nyuma. Madhara haya huja kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na fundi akiyaona mapema anaweza kuyatengeneza.

Adui wa pili, shinikizo, hushambulia ukuta wa mtutu. Huyu haji kidogo kidogo. Mtutu unaweza kuvumilia mara elfu, halafu siku moja ukapasuka kwa pigo moja. Mtutu wa zamani huwa umesuguliwa ndani mara nyingi ili kuondoa kutu, na kila ukisuguliwa ukuta unakuwa mwembamba. Mafundi wengi wa Uingereza huanza kuwa na wasiwasi ukuta ukikaribia nusu milimita. Zaidi ya hayo, mitutu mingi ya karne ya 19 haikutobolewa kutoka kipande kimoja cha chuma. Ilisukwa! Fundi alichukua vipande vyembamba vya chuma na feleji, akavisokota kama ukili, akavizungusha kwenye fimbo na kuviunga kwa moto na nyundo. Mitutu hiyo huitwa ya Damascus, na ina madoa mazuri kama kanga. Lakini kati ya maungio hayo kutu inaweza kujificha mahali ambapo jicho haliioni.

Tena bunduki hizo za kale zaidi zilitengenezwa wakati wa baruti nyeusi, ile yenye moshi mwingi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi kwa bunduki za jeshi, na baruti za namna hiyo zikaenea pia katika uwindaji. Baruti hizi zina nishati nyingi katika uzito mdogo. Mtu akijaza baruti ya kisasa kwa kipimo cha baruti nyeusi, amejichimbia kaburi.

Kuna mtego mwingine wa urefu. Bunduki nyingi za Uingereza za zamani zina chumba cha katriji cha inchi 2½, yaani kama milimita 65. Katriji nyingi za leo ni za milimita 70. Ukiitia inaingia vizuri kabisa, na bunduki inafunga. Kwa nini? Kwa sababu urefu ulioandikwa ni wa katriji iliyokwisha kufunguka. Kabla ya kufyatuliwa mdomo umekunjwa, kwa hivyo inaonekana fupi. Ikifyatuliwa, mdomo unakunjuka na kuingia pale mtutu unapoanza kubana. Njia inakuwa nyembamba, shinikizo linapanda. Na teke? Karibu ni lile lile. Bega halitakwambia lolote.

Waingereza waliitambua hatari hii zamani. Chama cha mafundi wa bunduki cha London kilipewa hati ya mfalme mwaka 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya bunge mwaka 1813. Huko kila mtutu hufyatuliwa kwanza kwa katriji yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida. Ukisalimika unapigwa muhuri. Muhuri huo ndio cheti cha bunduki, kama vile sisi tunavyopata cheti baada ya mtihani. Lakini mtutu ukisuguliwa hadi upana wake ukazidi kiwango kilichoandikwa, cheti hicho si halali tena. Ni lazima urudie mtihani.

Vidole vya babu

Sasa nirudi kwa babu, kama nilivyoahidi.

Ilikuwa mwaka 1968, naye akiwa kijana wa miaka 19, kibarua katika shamba la mahindi huko Trans Nzoia. Ngedere walikuwa wanamaliza mahindi. Mwenye shamba akampa bunduki ya zamani ya mitutu miwili, namba 12, na mfuko wa katriji zilizochanganyika. Hakumfundisha lolote ila kulenga juu na kufyatua.

"Mara ya kwanza ilinipiga teke nikakaa chini," babu aliniambia. "Mara ya pili bega likavimba. Nikasema leo sitafika jioni."

"Sasa ukafanya nini, babu?"

"Nikafungua mfuko nikatafuta zile nyembamba. Nikajiambia, ndogo haina nguvu. Ndogo haitaniumiza."

Zile nyembamba zilikuwa za namba 20. Babu hakujua kusoma namba hizo wakati huo. Alitia moja katika mtutu wa kulia, akafunga, akavuta. Ikalia ka! peke yake. Alipofungua aliona chumba kitupu. Akadhani alisahau kutia, au imeanguka kwenye majani. Kwa kuwa ngedere walikuwa karibu, alichukua ile nene ya kawaida, akatia, akafunga, akavuta.

Wanafunzi wenzangu, ile nyembamba haikuanguka. Katriji ya namba 20 hupita kwenye chumba cha namba 12, inateleza mbele, na kukwama pale mtutu unapobana. Ukichungulia nyuma unaona chumba kitupu, na bado kuna nafasi ya kutosha kutia nyingine. Sasa marisau ya ile katriji nene yaligonga kizuizi kilichokuwa mbele yake, chenye baruti yake pia. Gesi ikakosa njia. Mtutu ukapasuka mahali pale pale ambapo mkono wa kushoto huishikilia bunduki.

Walipousafisha mtutu uliopasuka walikuta vitako viwili vya shaba, kimoja kikubwa na kimoja kidogo.

"Na teke la mara hiyo lilikuwaje?" nilimwuliza.

Babu alinyamaza kidogo. "Sikumbuki teke," alisema. "Bega halikuuma hata kidogo."

Siku hiyo nilielewa fizikia kuliko siku zote. Babu hakuwa mjinga. Alitumia akili ile ile tuliyoitumia darasani, tena sisi tukiwa na vitabu. Alikiepuka kile kilichomwuma, akakiendea kile kilichokuwa kimya.

Tujifunze nini?

Mosi, anayeilinda bunduki kongwe asiulizie bega lake. Aangalie muhuri wa majaribio, apime urefu wa chumba, apime unene wa ukuta, na asome shinikizo lililoandikwa na mtengenezaji wa katriji. Akiwa na mitutu iliyojaribiwa kwa baruti nyeusi peke yake, asiitilie baruti ya kisasa hadi ijaribiwe upya.

Pili, anayetaka kulinda mbao na bawaba achague mzigo mwepesi na mwendo wa kiasi. Hapo bega linasema kweli, kwani hilo ni suala la teke. Lakini mzigo mwepesi peke yake si dhamana ya shinikizo dogo. Ni lazima vyote viwili vichunguzwe, kila kimoja kwa kipimo chake.

Tatu, namba 12 na namba 20 zisikae mfuko mmoja kamwe. Siku hizi watengenezaji wengi hutia katriji za namba 20 rangi ya manjano ili zitambulike haraka. Rangi hiyo ingekuwa kwenye mfuko wa babu, leo angekuwa na vidole kumi.

Nne, na hili ni letu hapa Kenya. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na sheria hairuhusu mtu kuwa na bunduki bila cheti. Ukikuta bunduki ya kale darini au ghalani, usiichezee, usiifungue, na usijaribu kuona "kama inafanya kazi". Usidhani ni tupu kwa kuwa chumba kinaonekana kitupu. Mwambie mzazi, naye apeleke habari polisi.

Kesho yake mwalimu aliporudia swali lake, niliinua mkono peke yangu. Nilijibu hivi: "Mwalimu, hatuwezi kujua kwa teke. Tunahitaji kujua shinikizo." Akaniuliza nimesoma kitabu gani. Nikamjibu kwamba nimesoma mkono wa babu.